Herufi za Saa Saba Mchana

Vijana wa chumba cha seva mmeniomba niandike nilivyoingia katika kazi hii, kabla sijaanza kuchanganya majina. Nimestaafu mwezi uliopita, na mirehani yote ya uani nimeshaimwagilia mpaka inaoza, kwa hiyo ombi lenu limenikuta na nafasi. Vyeo sitavitaja, vilikuja kwa kuchelewa na havikubadili kitu isipokuwa kiti. Ya hapa Unguja pia nayaruka, mengi mlikuwepo na baadhi mliyasababisha. Nitaandika ya Moroni, mji mkuu wa Komoro, miaka ile ya uhuru na ya serikali ya mapinduzi iliyofuata, kwa sababu huko ndiko nilikomkosea mtu kwa kuiamini saa ya mashine.

Nimezaliwa Malindi hapa mjini, kwa wazazi Wangazija. Baba alipoamua kuturudisha kwao nilikuwa na miaka kumi na tisa, Kingazija changu kikiwa na lafudhi iliyowachekesha wauza samaki, na Kifaransa changu kikiwa cha kuombea maji tu. Nilichokuwa nacho ni vidole: nilijua kupiga taipu bila kutazama. Ofisi moja ya telegrafu karibu na bandari ya zamani ilitaka mtu wa namna hiyo, nikachukuliwa.

Siku ya kwanza nilivaa gauni langu la Idi, la mikono mifupi. Hakuna aliyeniambia kwamba Moroni nzima itakuwa inatoka jasho, na chumba cha mashine kitakuwa na kiyoyozi kikubwa kama sanduku la bibi harusi, kikivuma tangu asubuhi. Nilitetemeka hadi nikakosea jina langu mwenyewe kwenye fomu. Mzee mmoja aliyekuwa amepiga magoti mbele ya mashine, bisibisi mdomoni, alivua koti lake la mvua lililonuka samaki, akanipa, akaendelea na kazi. Huyo alikuwa Fundi Mlaili wa Itsandra. Kwa Wangazija fundi ni mwalimu. Kwetu hapa ni mwenye bisibisi. Yeye alikuwa vyote viwili, na siku hiyo nilirudi nyumbani nikinuka vibua.

Kazi yenyewe niieleze kidogo, maana mashine zile hamkuzikuta. Teleprinta ilikuwa kama taipu kubwa ya chuma: mtu akibonyeza herufi Mutsamudu, kisiwani Anzuani, herufi hiyo inachapwa Moroni, redio ikiwa katikati. Kila herufi ilisafiri kwa mapigo matano, kila pigo ama lipo ama halipo, na mwisho wa herufi mtumaji hushika pigo moja refu la kupumzika. Anayepokea lazima alisikilize kila pigo kwa wakati wake. Akichelewa, anasikia pigo la jirani na anaandika herufi nyingine kabisa.

Kwa hiyo mwendo wa mota ulikuwa kila kitu, na Fundi aliupima kwa chombo ambacho mpaka leo sijaona kinachokizidi: uma wa chuma wa meno mawili. Unaugonga gotini, unalia, na kupitia upenyo wa meno yake unaitazama milia myeusi na myeupe iliyopakwa kwenye mota inayozunguka. Mwendo ukiwa sawasawa, milia inaonekana imesimama. Ukizidi, inasogea mbele; ukilegea, inarudi nyuma. Fundi alikuwa akisema mashine haiulizwi kama iko sawa, inapimwa. Nilidhani nimeelewa.

Kisha palikuwa na kompyuta. Ilikuwa ukubwa wa kabati la nguo, na mhandisi mmoja Mfaransa aliileta muda mfupi kabla ya uhuru ili ipokee ujumbe wa visiwa vyote, iuhifadhi na kuupanga. Kumbukumbu yake ilikuwa vishanga vya sumaku vilivyofumwa kwenye nyaya, hivyo umeme ukikatika haikusahau kitu, na umeme wa Moroni uliipa nafasi nyingi za kulithibitisha hilo. Mhandisi alinifundisha kwa sababu nilikuwa mtu pekee aliyemuuliza maswali, na nadhani pia kwa sababu alikuwa mpweke. Kiini cha mfumo, yaani programu inayoendesha mashine yote, kitu kilekile mnachokijadili ninyi mkinywa kahawa, kilichapwa chote kwenye karatasi moja ndefu. Tuliitandaza sakafuni, nami nilitembea juu yake kwa soksi nikiisoma mstari kwa mstari.

Ndani ya kiini palikuwa na kipande kilichonishangaza. Ili kungoja pigo lijalo, prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, iliambiwa ihesabu kutoka namba fulani hadi sifuri, bila kufanya lolote jingine. Namba hiyo mhandisi aliipata kwa kujaribujaribu siku aliyoifunga mashine, akaiandika ndani ya programu kana kwamba ni sheria ya ulimwengu. Nilimuuliza kwa nini tusitumie mapigo ya umeme wa ukutani kuwa saa. Akaninyooshea kidole taa ya dari, ambayo wakati huo ilikuwa ikififia kwa sababu jenereta ya mji ilikuwa imezidiwa. Umeme wa mji huu una tabia zake, alisema, lakini prosesa haijui hata kama nje kuna jua au mvua. Nikaandika maneno hayo kwenye daftari langu. Hayakuwa kweli.

Uhuru ulipotangazwa tulitoka barabarani kama watu wote. Miezi michache baadaye Wafaransa waliondoka karibu wote kwa mkupuo mmoja. Mhandisi alipata siku mbili za kufunga mizigo. Aliniachia funguo, bisibisi tatu na ile karatasi ndefu. Michoro ya saketi alisema ataituma kwa posta. Labda iko njiani.

Ikaja serikali ya mapinduzi na kamati zake. Mwenyekiti wa kamati ya ofisi yetu alikuwa Shaabani, aliyemaliza lise, sekondari ya Kifaransa, mwaka huohuo. Sitamcheka. Alikuwa na akili, alifika wa kwanza asubuhi, na hakuwahi kuchukua hata penseli ya ofisi. Ila alikuwa na haraka ya kuibadili dunia, na sisi ndio tuliokuwa karibu. Fundi Mlaili aliachishwa kazi kwa kuwa mtu wa zama za ukoloni, akarudi kwao Itsandra. Mimi nilibaki kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kuliwasha kabati. Kamati ilipitisha mambo mengi, na mojawapo ni kwamba si haki mashine ipozwe na wananchi watoke jasho. Kiyoyozi kikahamishiwa ukumbi wa mikutano. Nilinyoosha mkono kuunga hoja. Nilikuwa nimechoka kuvaa sweta.

Baada ya hapo ujumbe kutoka Mutsamudu ukaanza kufika umeharibika. Si wote, wala si kila wakati. Tulipokea DAWA imekuwa BWWW, na SINDANO imekuwa YPMBWMO. Mwanzoni tulicheka. Kwa kuwa makosa yalikuwa na mtindo, nikawa nayasoma kama mfamasia anavyosoma mwandiko wa daktari: W pengine ni A, M pengine ni N. Nikaandika maneno sahihi kwa kalamu juu ya yale mabovu, nikajiona hodari.

Siku moja hospitali ya Mutsamudu iliomba chupa za maji ya dripu. Watoto wengi walikuwa wakihara. Maneno yalifika yamevurugika, nikayanyoosha yote. Idadi ilisomeka vizuri kabisa: chupa 10. Meli ikaondoka na chupa kumi. Walikuwa wameomba 78. Saba katika mapigo yale ikikosewa huwa moja, na nane huwa sifuri. Maneno tuliyasahihisha kwa akili zetu. Tarakimu tuliziamini kwa sababu zilikuwa safi. Hakufa mtoto, namshukuru Mungu, lakini kwa siku tatu, hadi zilipoletwa nyingine, wauguzi kule walikuwa wakichagua nani apewe na nani angoje.

Shaabani aliniita akaniuliza kosa liko wapi. Nikamwambia liko Mutsamudu. Hoja zangu zilipangika: programu yangu haikubadilishwa hata herufi moja, na ujumbe wa kutoka kwetu kwenda kwao ulifika salama. Sikujua kwamba mashine ya chuma huvumilia makosa ya mwendo zaidi kuliko programu. Na niseme ukweli, Moroni ya siku zile mtu hakuhitaji hoja nyingi kuamini ubaya wa mtu wa Anzuani. Nikaandika kwamba makosa yanatokana na mashine ya Mutsamudu au mwendeshaji wake, nikatia saini. Shaabani akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari chini ya maneno mawili ya mwisho.

Mwendeshaji huyo alikuwa Bwana Humadi, mtu niliyezungumza naye kila siku kwa mashine bila kuwahi kumwona. Wiki ileile aliambiwa atafikishwa mbele ya kamati kwa hujuma. Mimi nikaagizwa niende kisiwani kwake nikalete ushahidi.

Kabla ya kusafiri nilipita Itsandra kwa Fundi Mlaili. Nilimweleza kwa urefu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama nimeipima mashine ya Mutsamudu. Nikasema bado. Akaingia ndani, akatoka na ule uma umefungwa kwenye kitambaa, akaniwekea mkononi. Nilimjua vya kutosha kufahamu kwamba amekasirika.

Mutsamudu nilifika asubuhi, mikono mitupu isipokuwa ule uma na kikapu cha nguo, na ilikuwa bora hivyo, maana katika vichochoro vya mji ule wa mawe hata watu wawili wakikutana mmoja lazima ageuke ubavu. Bwana Humadi alikuwa mtu mfupi mwenye kanzu iliyopigwa pasi na koti juu yake. Alikisema Kiswahili cha Mombasa, alikofanya kazi ujanani, na mara moja tukaachana na taabu ya yeye kusema Kianzuani na mimi Kingazija. Kabla sijaomba, alifungua kifuniko cha mashine yake na kusogea pembeni.

Niligonga uma gotini na kutazama. Milia ilikuwa imesimama kama imechorwa ukutani. Nikagonga tena. Nikangoja adhuhuri, jua likiwa kali, nikapima mara ya tatu. Haikusogea hata unywele. Nawaambia ninyi jambo ambalo sikumwambia mtu wakati ule: nilitamani isogee.

Akanichukua kwake kula. Mkewe, Bi Sitti, alitupakulia wali na pweza wa nazi, akaniuliza habari za mama yangu ambaye hakumjua. Tulipomaliza kunawa, Bwana Humadi akasema kwa upole, kama mtu anayezungumzia mambo ya mtu mwingine:

"Nimeisoma karatasi yako, mwanangu. Imeandikwa vizuri. Ila uliiandika kabla ya kuja."

Niliomba radhi, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. Hakuendelea na jambo hilo. Alikwenda kuleta daftari lake. Tangu makosa yaanze alikuwa ameandika kila lalamiko la Moroni, siku na saa, na pembeni hali ya hewa ya kwetu, kwa kuwa ofisi zetu zilipeana hali ya hewa kila asubuhi. Akanipitisha ukurasa kwa ukurasa kwa kidole. Hapakuwa na lalamiko la saa mbili asubuhi. Hapakuwa na lalamiko la siku ya mvua. Mengi yalikuwa kati ya saa sita na saa tisa mchana, siku za jua.

"Mvua ikinyesha Moroni mimi ni mwendeshaji hodari," alisema. "Jua likiwaka nakuwa mhujumu."

Nilijua papo hapo, nikiwa bado na harufu ya pweza mikononi. Prosesa yetu ilikuwa ikijua jua na mvua vizuri sana. Mapigo yake hayakutoka kwenye fuwele isiyojali joto bali kwenye kijisaketi cha bei rahisi, na kijisaketi hicho kikipata joto kilizembea. Kikizembea, kule kuhesabu mpaka sifuri kunachukua muda zaidi, na prosesa inalisikiliza pigo la tano kwa kuchelewa, wakati mtumaji ameshaingia kwenye pumziko. Ndiyo maana A siku zote iligeuka W, na W haikugeuka A hata mara moja. Chumba kilipokuwa na baridi jambo hili lisingeonekana kamwe. Na baridi ile niliiondoa mimi kwa kunyoosha mkono.

Nilirudi Moroni nikamwomba Shaabani anipe siku moja ya majaribio badala ya kunidai maelezo. Bwana Humadi alituma mistari ileile mara tatu. Ya saa mbili asubuhi ilifika safi. Ya saa saba mchana ilifika takataka. Kisha watu wanne walibeba kiyoyozi kutoka ukumbini, wakikisema kwa maneno nisiyoweza kuyaandika, tukakiwasha kwa saa mbili, na ya saa tisa na nusu ikafika safi, ingawa nje jua lilikuwa bado linachoma. Shaabani alizilaza karatasi tatu mezani, akazisoma mara nyingi, akifuta jasho kwa mkono wa shati. Nilimwona anaelewa. Hatimaye akasema kiyoyozi kitarudi ukumbini, kwa kuwa kilipigiwa kura, na kwamba mimi mwenyewe nilikuwepo. Kazi yangu ni kuifundisha mashine kuishi na joto kama watu wengine. Nilikasirika siku ile. Baadaye niliona kwamba hilo ndilo agizo la kiufundi lenye maana kuliko yote niliyopata kupewa na mkubwa wa kazi.

Ningeweza kupunguza ile namba ya kuhesabia, lakini namba ya mchana ingeharibu ya asubuhi. Saa ya kuaminika ndani ya chumba haikuwapo. Iliyokuwepo ni moja tu, nayo ilikuwa Mutsamudu: mota ya Bwana Humadi. Basi tukakubaliana kwamba kila ujumbe atautanguliza na herufi R na Y mara kumi. Herufi hizo mbili zina mapigo yanayopishana, lipo, halipo, lipo, halipo, hivyo ni rahisi kuyapima. Kiini kingelipima kila pigo lake kwa hesabu yake yenyewe, ya joto au ya baridi, na namba itakayopatikana ndiyo itakayotumika kwa ujumbe huo. Badala ya kujiamini, kingemsikiliza kwanza anayesema naye.

Tatizo lilikuwa nafasi. Kumbukumbu ilikuwa imejaa. Nilitembea tena juu ya ile karatasi kwa soksi mpaka nikapata cha kutupa: kila asubuhi mashine ilichapa salamu ndefu ya Kifaransa pamoja na jina la mhandisi. Nikaifuta, nikapata nafasi ya amri thelathini na kitu. Shaabani aliandika kwenye ripoti yake kuwa ni pigo kwa mabaki ya ukoloni. Sikumsahihisha.

Amri niliziingiza moja moja kwa swichi za mbele ya kabati. Jaribio la kwanza liliharibu hata herufi za asubuhi, na nilihangaika siku nzima kabla sijagundua kwamba nilikuwa nalipima na lile pumziko refu kama pigo la kawaida. Nikalitoa. Siku iliyofuata, saa saba mchana, jua la Moroni likiwa juu ya paa la bati, nilimwomba Bwana Humadi atume ukurasa mzima wa saba na nane. Alituma. Tulizihesabu mimi na Shaabani, kila mmoja na rula yake. Hapakuwa na moja wala sifuri hata mahali pamoja.

Ikabaki ile karatasi yangu yenye saini. Shaabani alipendekeza tuandike kwamba sababu ya makosa haikujulikana na sasa yamekwisha. Ingemtoa Bwana Humadi kwenye hatari, karibu yote. Nilimwambia sababu inajulikana.

"Ukiandika hivyo, kamati itabidi ikuadhibu," alisema. "Mimi ndiye nitakayesoma adhabu."

Nikamwambia asome. Niliandika, na adhabu ikawa mwezi mmoja wa kuponda kokoto za barabara. Sikuwa shujaa, nilikuwa nimekula wali wa yule mtu.

Kabla ya kwenda niliomba niutume mwenyewe ujumbe ule Mutsamudu. Wakati huo tulikuwa tumerudisha desturi ya zamani iliyofutwa ili kuokoa karatasi: anayepokea ujumbe huurudisha kwa mtumaji neno kwa neno, ili ihakikishwe umefika mzima. Nikachapa: MASHINE YA MUTSAMUDU IKO SAWA. BWANA HUMADI HANA KOSA LOLOTE. KOSA NI LANGU, NILITIA SAINI BILA KUPIMA.

Tukangoja. Zikaja R na Y zake kumi, kisha sentensi ya kwanza, kisha ya pili, kisha mashine ikanyamaza. Niliweka kiganja kwenye kabati, likawa la moto kama sufuria, nikaanza kufikiria ni wapi katika zile amri thelathini nimekosea tena. Nikamwomba arudie mwisho wa ujumbe.

Jibu lilikuja polepole, kwa vidole viwili, kama alivyochapa siku zote: YOTE YAMEFIKA. HAYO MENGINE SIKUONA HAJA YA KUYARUDISHA.

Shaabani alikuwa amesimama nyuma yangu. Alisoma, akaniuliza kama utaratibu unaruhusu jambo hilo. Nikamwambia hauruhusu. Akaikata karatasi kwa mkono, akaitia kwenye faili hivyohivyo ilivyo. Kwenye kokoto nilikwenda vilevile, na niliporudi ilinichukua wiki nzima vidole kukubali tena kupiga taipu.